Damu ya mama mwenye mimba, na presha inayodanganya



Leo tuongee juu ya somo ambalo wanafunzi wengi wa ukunga hulilalamikia mwaka wa kwanza: fiziolojia. Utasikia mtu anauliza, "Juu ya nini wanatusumbua na homoni na plazima, wakati kule materniti kazi ni mikono na macho?" Swali si baya. Jibu langu ni kwamba mwili wa mama mwenye mimba si ule mwili uliochorwa kwenye kitabu cha anatomia. Moyo wake unapiga kwa hesabu nyingine, damu yake ina uzito mwingine, presha yake ina tabia yake. Kipimo kinachoonyesha afya kwa mtu mwingine, kwake kinaweza kuficha kifo. Na hapa Bunia, mahali ambapo mara nyingi huna mashine ya kukusaidia, kujua tabia hizo ndiyo mashine yenyewe.

Sitazunguka mwili mzima. Nafuata kitu kimoja tu: damu. Kutoka miezi ya kwanza mpaka saa mbili baada ya mtoto kutoka.

Kwanza tujue tunaongea juu ya nini. Uchunguzi mkubwa wa EDS uliofanywa Kongo mwaka 2013-2014 ulihesabu vifo vya wamama 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Makisio ya karibuni ya Shirika la Afya Duniani yako chini ya hapo, lakini bado ni kati ya hesabu mbaya duniani. Sasa angalia kitu kingine katika uchunguzi huo huo: karibu asilimia 80 ya wamama walizaa ndani ya kituo cha afya. Tumezoea kusema "wamama wanakufa kwa sababu wanazalia nyumbani." Kumbe wengi walikuja. Walifika, wakapanda kitanda, kuko mtu mwenye blausi nyeupe pembeni yao. Na sababu ya kwanza inayoua, duniani kote, ni kutokwa damu.

Twende pole pole.

Mimba ikianza, mwili unaanza kuongeza damu. Si kidogo. Ikifika wiki ya 32 au 34, maji ya damu, yaani plazima, yameongezeka kwa karibu nusu ya yale aliyokuwa nayo. Chembe nyekundu nazo zinaongezeka, lakini hazikimbii kwa mwendo ule ule: ongezeko lao huwa kati ya asilimia 20 na 30. Mama anayepika anaelewa haraka. Ukiongeza maji mengi kwenye chungu cha maharagi na maharagi kidogo tu, chungu kimejaa kuliko mbele, lakini mchuzi umekuwa mwepesi. Ndiyo maana hemoglobini ya mama mwenye mimba inashuka hata kama anakula vizuri. Kwa sababu hiyo tunakubali mpaka gramu 11 kwa desilita, na 10.5 katika miezi ya katikati. Chini ya hapo ni upungufu wa damu wa kweli.

Wamama wenyewe wanaisema: "Docta, damu yangu iko maji." (Hapa kwetu kila mtu mwenye blausi ni docta, hata mwanafunzi wa staji.) Tusiwacheke. Wamesema kitu ambacho vitabu vinakubali. Damu nyepesi inapita kwa urahisi kwenye kondo la nyuma, na damu nyingi ni akiba ya siku ya kuzaa. Mwili unajua kwamba siku hiyo damu itamwagika, basi unaweka pembeni mapema.

Shida inaanza pale mkunga anapolijua jambo hili nusu. Anaona mama amepauka, anasema, "Ni mimba tu, itapita." Hapana. Mchuzi kuwa mwepesi ni kawaida; maharagi kuisha chunguni si kawaida. Na sisi tuna vitu vingi vinavyomaliza maharagi: malaria, minyoo, uzazi wa kukaribiana, na chakula cha familia zilizokimbia Djugu au Irumu na kulala chini ya turubai miezi mingi. Sombe, lengalenga, ndakala na maharagi ni vitu vya sokoni, lakini sokoni kunahitaji pesa.

Malaria ina ujanja wake kwa wamama hawa. Chembe nyekundu zenye vimelea zinajishika ndani ya kondo na kukaa pale. Unaweza kumchoma kidole, kipimo kikaonyesha hakuna kitu, na wakati huo huo kondo limejaa vimelea na mtoto anakosa chakula. Ndiyo maana hatungoji homa. Tunatoa SP (wengi hapa bado wanaita Fansidar) kuanzia wiki ya 13, kila mwezi, mama akimeza mbele yetu, isipokuwa yule anayekunywa tayari kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya Ukimwi. Na hapa kuko kosa dogo ambalo fiziolojia ingetuepusha nalo: kumpa mama yule yule vidonge vya foliki vya miligramu 5. SP inafanya kazi kwa kumnyima kimelea njia ya kutumia foliki. Ukimwaga foliki nyingi, umemlisha adui. Kipimo cha miligramu 0.4 kinatosha.

Sasa presha, au tansio kama tunavyosema. Wengi wanafikiri damu ikiongezeka, presha lazima ipande. Inakuwa kinyume. Homoni za mimba zinalegeza mishipa, njia zinakuwa pana, na presha inashuka kidogo katika miezi ya katikati kabla ya kurudi karibu na ya mwanzo mimba ikikaribia mwisho. Moyo unajibu kwa kusukuma zaidi, karibu theluthi hadi nusu zaidi ya mbele, na mapigo yanaongezeka kidogo. Kwa hiyo kama hukuandika presha yake alipokuja mara ya kwanza, huna kitu cha kulinganisha. Mama aliyekuwa na 95/60 mwanzoni, leo ana 130/85, bado hajafika 140/90 ya vitabu, lakini mimi ningemwita arudi baada ya siku chache, si baada ya mwezi.

Jambo moja la kitanda, kisha tuendelee. Mimba ikiwa kubwa, mama akilala chali, kizazi kinakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Utasikia: "Kichwa iko nazunguka." Mgeuze upande wa kushoto, dakika chache amepona. Huyo si mgonjwa, ni kitanda chetu kilichomfanya mgonjwa. Na yule anayeshuka kitandani kuchuchumaa wakati wa uchungu, kabla hujamwita mkaidi, jiulize kama mwili wake haujui kitu.

Uchungu wenyewe ni kazi ya msuli. Kuelekea mwisho wa mimba, kizazi kinaota milango mingi ya kupokea oksitosini, homoni inayotoka kwenye ubongo. Kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa kizazi, habari inapanda kwenye ubongo, ubongo unatoa oksitosini zaidi, kizazi kinakaza zaidi, kichwa kinasukuma zaidi. Henry Dale aliona nguvu hiyo ya kukaza kizazi mwaka 1906, na Vincent du Vigneaud akaitengeneza maabara mwaka 1953. Miaka miwili baadaye akapewa tuzo ya Nobel. Leo dawa hiyo iko katika karibu kila materniti, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kuko tabia ya haraka. Mama amefika na sentimita nne, baada ya saa tatu bado ana nne, basi watu wanataka kutundika serumu yenye oksitosini ili "tumalize." Wakati mwingine familia nayo imeshampa dawa ya majani njiani kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linasema uchungu wenye kasi unaanza kwenye sentimita tano, na kwamba ile kanuni ya sentimita moja kila saa si ya kila mama. Mwenye nne anaweza kuwa sawa kabisa, amechoka tu, au ana woga. Woga una kazi yake mwilini. Mama aliyetembea usiku kuja hapa, akisikia risasi mbali, anafika na adrenalini juu, na adrenalini inaweza kupunguza nguvu ya uchungu. Kumruhusu mama yake au dada yake akae pembeni ni tiba: uchunguzi mwingi umeonyesha wamama wenye mtu wa kuwashika mkono wanazaa kwa muda mfupi zaidi na wanapasuliwa mara chache.

Ukiongeza dawa bila sababu na bila kuhesabu matone, unaleta mambo mawili. La kwanza linajulikana: kizazi kikikaza bila kupumzika, damu haifiki kwa mtoto, kwa sababu ni wakati wa mapumziko ndipo damu inapita, na kama mama ana kovu la operesheni, kizazi kinaweza kupasuka. La pili husahaulika. Msuli uliofanyishwa kazi kupita kiasi unachoka. Na kazi yake kubwa kuliko zote bado haijafika.

Kazi hiyo ni hii. Mwishoni mwa mimba, mililita 500 hadi 700 za damu zinapita kwenye kizazi kila dakika. Kila dakika! Chupa ya nusu lita. Mtoto ametoka, kondo linabanduka, na pale lilipokuwa mishipa inabaki wazi. Ni nini kinafunga? Wengi watajibu, "damu inaganda." Inaganda, ndiyo, lakini baadaye. Kinachofunga kwanza ni msuli wenyewe. Nyuzi zake zimepishana huku na huku, na mishipa inapita katikati yao. Kizazi kikikaza, kila mshipa unabanwa kama shingo ya mfuko unaofungwa kwa kamba.

Ukielewa picha hiyo, kila kitu tunachofundishwa kufanya kinaacha kuwa orodha ya kukariri. Oksitosini yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka: unavuta kamba. Kuangalia kondo kama limekamilika: kipande kikibaki ndani, mfuko haufungiki. Kumkojoza mama: kibofu kikijaa kinasukuma kizazi juu na pembeni, kinashindwa kukaza. Kuweka mkono tumboni kila dakika 15: unauliza kamba, "Bado uko?"

Na sasa tumefika kwenye udanganyifu wenyewe.

Tuseme mama mmoja wa Mudzipela amezaa usiku. Amepoteza lita nzima. Unapima presha: 110/70. Unaandika "vizuri" na kwenda kwa mwingine. Lakini kumbuka ile akiba. Mwili huu una lita moja au zaidi ya ziada, na ni mwili wa kijana mwenye mishipa yenye nguvu. Damu ikipungua, mishipa inajikaza na kushikilia presha juu mpaka nguvu inapokwisha. Halafu inaanguka yote mara moja. Presha ndiyo shahidi wa mwisho kufika. Shahidi wa kwanza ni mapigo ya moyo. Kama huyu mama ana mapigo 115, gawa 115 kwa ile 110 ya juu: umepata zaidi ya 1. Mama mwenye mapigo 85 na presha 115 ana 0.7 hivi. Ikifika 0.9, usingoje kitu kingine, piga kelele watu waje. Hesabu hiyo inahitaji saa, kipimo cha presha na kichwa chako. Hata simu bila mtandao inaweza kugawanya.

Mwingine tuseme ametoka kambi ya Kigonze, hemoglobini 7. Akipoteza nusu lita tu, ile ambayo vitabu vinaiita mpaka, yeye ameshavuka mpaka wake zamani. Na kuko wa tatu, ambaye mimi ndiye ninayemwogopa zaidi: mama mwenye presha ya mimba, protini kwenye mkojo, uso umevimba. Ukimwangalia unafikiri amejaa maji. Lakini maji hayo yako nje ya mishipa. Kwake ile damu ya akiba haikuongezeka inavyopaswa, mishipa imebana. Akitokwa damu, hana kitu cha kutegemea, na presha yake iliyokuwa 160 ikishuka hadi 110 utaiita nzuri! Ni kuanguka.

Jicho nalo linadanganya. Damu inaingia kwenye kitenge, kwenye godoro, chini ya kitanda, inachanganyika na maji ya mtoto, na karibu kila mara tunakisia chini ya ukweli. Ndiyo maana uchunguzi wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023, ulianza na kitu rahisi: mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini ya makalio ya mama. Damu inaonekana, inasomwa. Ikizidi, hatua zote zinafanywa pamoja bila kungoja moja ishindwe: kusugua kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, serumu, na kutafuta inapotoka. Matokeo mabaya zaidi yalipungua kwa asilimia 60. Dawa ile ya traneksamiki, gramu moja kwenye mshipa, ina masharti ya saa: ndani ya saa tatu tangu kuzaa. Komanda hadi Bunia ni kama kilomita 75, na mwajua barabara ile ilivyo, mvua au bunduki. Mama akipandishwa kwenye pikipiki bila dawa hiyo, saa tatu zinakwisha njiani. Wazee wanakumbuka jinsi Nyankunde ilivyokuwa hospitali ya kupeleka kesi ngumu, mpaka shambulio la Septemba 2002 lilipoua wagonjwa na wafanyakazi na kuwatawanya wengine. Tangu hapo tunajua kwamba mahali pa kupeleka panaweza kutoweka kwa siku moja. Kinachoweza kufanywa pale mama alipo kifanywe pale.

Halafu friji. Oksitosini inataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Umeme wa Bunia tunaujua wote. Ampuli iliyokaa wiki kwenye sanduku lenye joto inaonekana sawa sawa na nzuri. Unachoma, kizazi hakijibu, unafikiri mama ana tatizo. Ukienda staji, siku ya kwanza, kabla ya kuuliza vitanda viko wapi, uliza oksitosini inalala wapi. Kuko karbetosini isiyoogopa joto, iliyojaribiwa kwa wamama karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 kwa kuzuia kutokwa damu. Nasema kuzuia, si kutibu damu iliyokwisha kuanza.

Kuganda, nilikosema kunakuja baadaye, nako kumetayarishwa tangu miezi ya mimba. Fibrinojeni, ile protini inayoshona donge la damu, inapanda sana. Bei yake ni kwamba donge linaweza kufanyika mguuni, ndiyo sababu tunamwamsha mama atembee mapema. Na ukiwa huna maabara, chukua mililita chache za damu yake kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, ishike kwenye kiganja ipate joto. Baada ya dakika saba inamisha taratibu. Ikiwa bado inatembea kama maji, akiba ya kugandisha imekwisha, na huyo anahitaji damu ya mtu mwingine, si serumu zaidi. Serumu nyingi ni maji mengine kwenye chungu kile kile.

Baada ya yote hayo, mtoto akiwekwa kwenye ziwa na kunyonya, ubongo wa mama unatoa oksitosini tena, bila friji. Mama anayezaa mara ya tano atakulalamikia: "Mtoto akinyonya tumbo inauma kuliko uchungu." Yule wa kwanza pengine hasikii kitu, kwa sababu kizazi chake kinabaki kimekaza muda wote, wakati cha mwenye watoto wengi kinalegea na kukaza tena. Mpe parasetamoli, mweleze ni kizazi kinafunga. Kisha weka mkono chini ya kitovu. Kikiwa kigumu kama ngumi, mwache anyonyeshe. Kikiwa laini kama unga wa bugali uliokandwa, usiende kutafuta kipimo cha presha kwanza: sugua, na ita mwenzako.